Utatuzi wa Hitilafu za Hosti Pepe Zinazotambuliwa kwa Jina katika Seva ya Apache

Hosti pepe inayotambuliwa kwa jina ni utaratibu unaoiwezesha seva moja yenye anwani moja ya IP kuhudumia tovuti nyingi, kila moja ikiwa na jina lake la kikoa. Msingi wake ni mstari uitwao Host, ambao kivinjari huutuma pamoja na ombi ili kuitaja tovuti inayotakiwa. Toleo la 1.0 la itifaki ya HTTP, lililochapishwa mwaka 1996, halikuulazimisha mstari huo. Toleo la 1.1, lililofuata Januari 1997, ndilo lililoulazimisha. Bila ya sharti hilo kila tovuti ingehitaji anwani yake, ilhali anwani za IPv4 hazizidi bilioni 4.3 na akiba yake kuu ya dunia ilikwisha kugawiwa Februari 2011.

Lalamiko linalosikika mara nyingi zaidi ni kwamba anayefungua duka.example huonyeshwa shule.example. Wengi hudhani kuwa seva imeharibika, kumbe imefuata kanuni yake barabara: Apache isipolitambua jina lililotajwa katika ombi, hailikatai ombi hilo, bali huipa kazi hosti iliyoandikwa kwanza katika usanidi kwa anwani na mlango uliotumika, mlango ukiwa ni namba inayotambulisha huduma, kama 80 au 443. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini jina halikutambuliwa, na jibu hupatikana kwa kufuata hatua ambazo seva yenyewe hupitia.

Hatua ya kwanza ni ya anwani na mlango, na humo ndimo hitilafu iliyo ngumu kuliko zote kuonekana hujificha. Ikiwa hosti ya shule imefunguliwa kwa <VirtualHost 192.0.2.10:80> na ya duka kwa <VirtualHost *:80>, ombi lolote linalofika kwenye 192.0.2.10 litalinganishwa na kundi la kwanza peke yake, kwa kuwa anwani iliyotajwa wazi huitangulia nyota. Jina la duka halitaangaliwa kabisa, hata likiwa limeandikwa sahihi herufi kwa herufi, na msimamizi anaweza kulisahihisha kutwa nzima bila mafanikio. Dawa ni kutumia mtindo mmoja katika hosti zote.

Hatua ya pili ni ya majina, ambapo ombi hulinganishwa na agizo la ServerName, ambalo ni jina kuu la hosti, na ServerAlias, yaani majina yake ya ziada. Kwa seva, duka.example na www.duka.example ni majina mawili tofauti, na lisiloandikwa halijulikani. Katika mifumo ya Debian huongezeka jambo jingine: mafaili ya usanidi husomwa kwa mpangilio wa alfabeti, ndiyo maana 000-default.conf hutangulia, na faili lisiloishia na .conf halisomwi katika toleo la 2.4 la Apache.

Amri ya apachectl -S huorodhesha kila anwani na mlango, hosti ya kwanza ya kundi, na majina yote pamoja na faili na namba ya mstari yalipoandikwa. Hata hivyo, amri hiyo husoma mafaili yalivyo kwenye diski wakati huo, si usanidi ambao seva inautumia, hivyo orodha inaweza kuwa sahihi huku seva ikiendelea na usanidi wa zamani hadi iamriwe kuusoma upya. Kisha hufuata amri ya curl -H "Host: duka.example" http://192.0.2.10/, inayoifikia seva bila kupitia DNS, yaani mfumo unaotafsiri majina kuwa anwani. Jibu likiwa sahihi hapo na kivinjari kikiendelea kukosea, basi kosa litafutwe kwenye DNS, kwenye faili la hosts au kwenye akiba ya kivinjari.

Kwa HTTPS mambo hubadilika, kwa sababu usimbaji huanza kabla ya mstari wa Host kusomwa, na seva hulazimika kuchagua cheti mapema kwa kutumia SNI, nyongeza ya TLS inayotaja jina mwanzoni mwa mawasiliano. Kujaribu kwa -H hakutoshi hapa, kwani hakubadilishi jina la SNI. Chaguo linalofaa ni --resolve duka.example:443:192.0.2.10. Tena, hosti iliyoongezwa kwenye mlango wa 80 haijulikani kwenye 443 mpaka iandikwe huko pia.

Mgeni wa mteja mmoja kuonyeshwa kurasa za mteja mwingine ni jambo linalogusa imani, si usumbufu wa kiufundi tu. Wasimamizi wanahimizwa kuitenga hosti ya kwanza ya kila mlango isiwe ya mteja yeyote, nayo irudishe jibu la 404, ili jina lililokosewa lijitokeze siku hiyohiyo badala ya kufunikwa na tovuti ya mtu mwingine.