Kidonda cha Mguu Kilichoachwa Wazi

Leo nazungumza nawe mama, na wewe mlezi, unayemuuguza mtoto wodini. Tuseme mtoto aligongwa na bodaboda, akavunjika mfupa wa muundi, mguu ukavimba sana. Usiku akafanyiwa upasuaji. Asubuhi unaambiwa kwamba chini ya bandeji kuna vidonda viwili virefu, tena havikushonwa. Unajiuliza: je, wamemsahau mwanangu?

La, hawakumsahau. Misuli ya mguu, kutoka goti hadi kifundo, imekaa katika vyumba 4. Kila chumba kimezungukwa na utando mgumu usiotanuka. Misuli ikivimba humo ndani, presha hupanda na damu hushindwa kupita. Baada ya saa chache tu, misuli na neva huanza kufa. Ndiyo sababu daktari hupasua ngozi na utando huo, ili misuli ipate nafasi. Akishona papo hapo, presha itarudi na mtoto anaweza kupoteza mguu. Kuacha kidonda wazi ni sehemu ya matibabu.

Je, kitafungwa lini? Kwa kawaida mgonjwa hurudishwa katika chumba cha upasuaji baada ya siku 2 au 3. Daktari hukagua misuli, huondoa iliyokufa, kisha huchagua njia ya kukifunga.

Njia ya kwanza ni kushona. Uvimbe ukiwa umepungua na kingo za ngozi zikikutana bila kulazimishwa, hushonwa. Kovu huwa jembamba.

Ya pili ni kuvuta polepole. Nyuzi za mpira hupitishwa ukingo hadi ukingo, kama kamba za kiatu, na kukazwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka ngozi ikaribiane.

Ya tatu ni mashine ya kufyonza. Sponji huwekwa kidondani, hufunikwa kwa plastiki, na mashine hufyonza majimaji. Uvimbe hupungua, na kidonda huwa tayari kushonwa au kuwekewa ngozi. Si kila hospitali iliyo na mashine hii.

Ya nne ni kupandikiza ngozi. Ngozi nyembamba hutolewa, mara nyingi pajani, na kuwekwa juu ya kidonda. Hutumika pale ambapo kingo haziwezi kukutana. Kovu huonekana zaidi, na paja nalo huwa na kidonda cha kuuguzwa.

Mama, usimharakishe daktari akishone, wala usimtoroshe mtoto kwenda kwa mganga wa mifupa. Muulize: "Mtafunga kwa njia gani, na kwa nini?" Ni haki yako kujua.

Nawe una kazi yako. Mpe mtoto vyakula vya kujenga mwili: mayai, maharagwe, ndengu, omena, maziwa, pamoja na mboga na matunda. Mhimize achezeshe vidole vya mguu kama alivyoelekezwa, na wayo usiachwe ukilala kuelekea chini, kwani kifundo kitakakamaa. Usipake kidonda majivu, mafuta wala dawa za majani. Ngozi iliyopandikizwa isisuguliwe wala kugongwa.

Mwite muuguzi mara moja, au mrudishe mtoto hospitalini ikiwa mko nyumbani, ukiona usaha, harufu mbaya, homa, wekundu unaoenea, au ngozi mpya ikigeuka nyeusi. Maumivu yakizidi hata baada ya dawa, mguu ukakaza, vidole vikafa ganzi au mtoto akalia sana vikinyooshwa, usingoje kuche. Mtoto mdogo asiyeweza kujieleza huonyesha kwa kulia bila kutulia. Dalili hizi huweza kuanza hata ndani ya plasta. Plasta inayobana ifunguliwe hospitalini haraka.

Kumbuka, msikilizaji: kidonda hiki kiliachwa wazi ili kuuokoa mguu, nacho hufungwa wakati wake ukifika. Mpe mwenzako ujumbe huu.