Daraja la Ngumi



Leo tuzungumze juu ya daraja moja la zamani. Liko Venezia, nchini Italia, mji ambao njia zake nyingi ni mifereji ya maji. Ni daraja la mawe, limepinda kama upinde juu ya mfereji wa San Barnaba. Jina lake ni Ponte dei Pugni, yaani Daraja la Ngumi.

Zamani watu wa mji ule waligawanyika pande mbili: Wakastellani, wengi wao mafundi wa meli, na Wanikolotti, wengi wao wavuvi. Mji mmoja, dini moja, soko moja. Hata hivyo walikutana madarajani kupigana, kila upande ukitaka kushika pale juu. Daraja halikuwa na kuta za pembeni. Watu walianguka majini, na wengine walikufa. Hadi leo alama nne za nyayo, za jiwe jeupe, zinaonyesha mahali pa kuanzia pigano.

Na wakubwa? Walitazama kutoka madirishani. Mwaka 1574, mfalme Henri III wa Ufaransa alipotembelea mji, alionyeshwa pigano ili kumfurahisha. Serikali ilikuwa ikikataza, lakini wakubwa walewale walikuwa watazamaji. Sheria ya namna hiyo haina meno.

Mwaka 1705 pigano lilianza kwa ngumi, likaishia kwa mawe na visu. Monasteri ya San Girolamo ikawaka moto, na watu hawakutaka kuacha pigano waende kuuzima. Ndipo serikali ilipokataza kwa kweli. Vijana wakabaki na mashindano ya kupiga makasia, na ya kupanda mabegani mwa wenzao kujenga mnara wa watu. Pande mbili zilibaki, lakini ushindi haukudai damu tena.

Ndugu zangu, daraja letu sisi ni robine, ni kisima, ni shamba la kukodi. Hapo mwenyeji na mhamishwa wanakutana kila asubuhi, bidoni mkononi. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inalinda haki ya mtu kutembea na kukaa popote nchini. Lakini kifungu hakiwezi kusimama kwenye mstari wa maji. Anayeweza ni wewe.

Machefu, msitazame kutoka dirishani. Wekeni walinzi wawili wa zamu, mmoja wa kila upande. Kijana akimtukana mwenzake kwa sababu ya kabila, wa kwanza kumkanya awe mzee wa upande wake mwenyewe. Wazazi, mtoto akirudi akijisifu kwamba amepiga, msimshangilie. Pigano lisilo na watazamaji huchoka upesi.

Moto ukiwaka hauulizi nyumba ni ya mwenyeji au ya mhamishwa. Tuuzime pamoja.