HATI HAIKUPOTEA: KUTAFUTA MAFAILI KWENYE DISKI YA PILI YA KOMPYUTA

Mada iliyotolewa kwa kamati za maendeleo za sharika, Wilaya za Karagwe na Kyerwa



Tunajua wapo walioondoka Murongo alfajiri, na wapo walioacha kahawa imeanikwa juani bila mwangalizi. Tumepewa nafasi ya kuzungumzia utunzaji wa kumbukumbu za miradi. Tutaitumia kwa jambo moja linaloonekana dogo: kompyuta kusema haina faili ambalo inalo.

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Fundi alitushauri tuhamishe nyaraka zote za miradi kutoka diski ya C kwenda diski ya D. Ushauri ulikuwa mzuri. Diski ya C ndiyo inayobeba Windows, na kompyuta ikiugua hadi fundi akalazimika kupiga Windows upya, yaliyomo C yanaweza kufutika yote, wakati yaliyo D kwa kawaida hubaki. Basi tukahamisha mikataba, mihtasari ya vikao, stakabadhi na picha za matangi ya maji ya mvua.

Miezi michache baadaye mfadhili aliomba hati ya familia iliyotoa kipande cha ardhi kwa ajili ya tangi la kijiji. Bila hati hiyo awamu ya pili ya fedha isingetoka. Tuliandika jina la kijiji kwenye kisanduku cha kutafutia, na kompyuta ikajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Tukaandika jina la familia. Hakuna. Siku tano tulirudia hivyo hivyo.

Ndugu wajumbe, mnajua kinachofuata karatasi inapokosekana. Karani aliyehamisha mafaili ndiye aliyeanza kuangaliwa kwa jicho baya. Wapo waliosema ameifuta kwa uzembe. Wapo waliokwenda mbali zaidi wakasema ameiondoa ili kuwasaidia wanaolidai shamba lile. Barua ya onyo ilikwisha kuandikwa, ikawa inasubiri sahihi tu. Ndipo kijana mmoja aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo alipofungua diski ya D kwa mkono, folda baada ya folda, akaikuta hati imelala pale pale tulipoiweka. Barua tuliichana na karani tukamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Lakini siku tano za kutiliwa shaka hazirudishwi kwa kuomba radhi.

Kwa nini ilitokea hivyo? Kompyuta haipekui diski nzima kila tunapotafuta kitu. Ingefanya hivyo tungesubiri mno. Badala yake Windows ina daftari lake, tuliite faharasa, ambamo huandika majina ya mafaili na maneno yaliyomo. Tukitafuta, husoma daftari hilo. Kwa mpangilio wa kawaida daftari hili huandika folda za mtumiaji zilizoko diski ya C. Diski ya pili haimo mpaka sisi tuiambie iiandike. Ni sawa na mtu anayetafuta jina la familia kwenye rejista ya usharika mmoja wakati familia imekwisha kuhamia usharika mwingine. Rejista haikudanganya. Imesema tu kwamba humu hawamo.

Marekebisho ni haya, na katibu wa usharika anaweza kuyafanya mwenyewe kwenye Windows 10 au 11:

Kwanza, fungua kisanduku cha kutafutia na uandike "Indexing Options". Dirisha likifunguka, bofya "Modify", weka tiki kwenye diski ya D, au kwenye folda ya miradi peke yake, kisha ukubali. Kuchagua folda inayohitajika tu kunaipunguzia kompyuta kazi.

Pili, bofya diski ya D kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Properties". Chini kabisa kuna kisanduku kinachoruhusu yaliyomo ndani ya mafaili yaingizwe kwenye faharasa. Hakikisha kina tiki.

Tatu, vuta subira. Kuandika daftari huchukua saa kadhaa kama mafaili ni mengi, na kompyuta mpakato inayotumia betri huweza kupunguza kasi au kusitisha kazi hiyo. Ichomeke kwenye umeme na uiache. Umeme ukikatika, kazi itaendelea baadaye.

Nne, ikishindikana, rudi kwenye dirisha la kwanza, bofya "Advanced" na kisha "Rebuild". Daftari litafutwa na kuandikwa upya. Msiogope: nyaraka zenyewe haziguswi.

Tano, pima. Andika faili dogo lenye neno la kujitungia, lihifadhi D, kisha baada ya muda litafute. Likipatikana, kazi imekwisha.

Mwenye haraka asisubiri hayo yote. Afungue diski ya D yenyewe na kutafuta kwa kisanduku cha juu upande wa kulia. Kompyuta itapekua folda moja moja, polepole, na kwa kawaida itaangalia majina ya mafaili tu.

Yapo mambo mawili ambayo tiki haitayatibu. La kwanza ni karatasi zilizopigwa skani. Kwa kompyuta, hati iliyopigwa skani ni picha tu. Isipopitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi, maneno yake hayasomeki, hivyo itapatikana kwa jina la faili peke yake. Nayo mashine ya skani huyapa mafaili namba zisizoeleweka. Hati yetu ile, hata D ingekuwa kwenye faharasa, isingepatikana kirahisi, kwa sababu ilibaki na jina iliyopewa na mashine.

La pili ni la kwetu hapa. Wilaya ya Kyerwa ilianza mwaka 2012, baada ya kugawanywa Wilaya ya Karagwe. Nyaraka za Kaisho, Isingiro au Nkwenda za kabla ya mwaka huo zimeandikwa Karagwe. Anayetafuta "Kyerwa" hatazikuta, na anaweza kuamini kwamba hakuna kilichofanyika huko. Kuna pia anayeandika "tangi" na anayeandika "tenki". Kompyuta haijui kwamba ni kitu kimoja.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu. Kila hati ipewe jina lenye mwaka, wilaya ya sasa, kijiji na aina ya hati, kwa mfano "2011 Kyerwa Kaisho hati ya ardhi". Kamati ikubaliane neno moja la kutumia kwa kila kitu. Na nakala ya pili ikae kwenye diski ya nje, iliyofungiwa mahali pengine. Kwenye kompyuta nyingi C na D ni diski moja iliyogawanywa mara mbili. Ikianguka au ikiibiwa, zote mbili zimekwenda. D si nakala ya akiba.

Kwenu wafadhili, tunaomba msione diski ya nje na siku moja ya mafunzo kwenye bajeti kuwa ni anasa. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na awamu ya fedha iliyosimama na wanawake wanaoendelea kuteremka bondeni na ndoo kwa sababu hati moja haionekani.

La mwisho tunalisema kwa unyenyekevu, maana sisi ndio tuliokosea. Kompyuta ikisema haikuona kitu, swali la kwanza liwe: imetafuta wapi? Tuulize hivyo kabla ya kuuliza nani kaiba. Hati ile ilitumwa siku ile ile ilipoonekana. Karani wetu bado yuko nasi, na yeye ndiye atakayewaonyesha hatua hizi mchana huu, mmoja mmoja, kwenye kompyuta mlizokuja nazo.