Feni ya Oveni na Mapafu ya Fundi wa Rangi

Leo tunazungumza na mafundi wa rangi, wenye gereji na karakana, pamoja na majirani wanaoishi karibu nao hapa Kisiwani Mombasa. Kuanzia Shimanzi hadi Majengo, na kuanzia Mwembe Tayari hadi vichochoro vya Mji wa Kale, haipiti siku bila gari, tuktuk, kitanda au mlango kupulizwa rangi. Utakumbuka kwamba mwaka 2004 kanuni za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, zilitaka kila matatu iwe na mstari wa manjano. Mistari hiyo haikujipaka yenyewe. Ilipakwa na mafundi, na rangi ambayo haikushika gari ilibaki hewani.

Swali letu la leo, basi, ni hili: rangi inayobaki hewani huenda wapi?

Fundi anapopuliza, sehemu ya rangi hushika bati au mbao, na sehemu nyingine huelea kama ukungu. Ndani ya ukungu huo mna thina, mna unga wa rangi, na kama ni rangi ya gari inayochanganywa na hadina, mara nyingi mna kemikali ziitwazo isosianeti. Hizi ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu huleta pumu, na mtu anaweza kuvuta kiasi cha kumdhuru bila kusikia harufu yoyote. Nchini Uingereza, mamlaka inayosimamia afya na usalama kazini imeeleza kwamba wapulizaji wa rangi hizi wamo katika hatari ya kupata pumu mara 80 hivi kuliko wafanyakazi wa kawaida. Aidha, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya upakaji rangi, tangu mwaka 1989, katika kundi la mambo yanayojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa sababu hiyo kulibuniwa chumba maalum cha kupulizia rangi, ambacho mafundi wetu hukiita oveni. Katika oveni nzuri, hewa safi iliyochujwa huingia kutoka darini, humpitia fundi kichwani na mabegani, ikashuka na kufyonzwa sakafuni. Huko hupita kwenye filta, kisha feni huitoa nje kwa bomba lililo juu ya paa. Kwa nini ifyonzwe chini? Kwa sababu mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, na hupenda kutuama chini.

Hapa ndugu zetu wa Mji wa Kale wasikilize kwa makini. Nyumba za wazee wetu zilijengwa kwa busara ya kushinda joto: dari ziko juu, madirisha ni marefu, na nyingine zina uwazi katikati. Hewa ya moto hupanda na kutoka. Lakini mvuke wa thina haufuati njia hiyo. Chumba cha chini kinachofaa sana kwa kupumzikia kinaweza kuwa kibaya sana kwa kupulizia vanishi, hata kama dirisha la juu liko wazi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowasumbua wenye gereji, yaani bili ya stima. Feni za oveni ni kubwa na hula stima nyingi. Kule Ulaya kuna gharama ya pili: hewa ya nje ni baridi, na ni lazima ipashwe hadi nyuzi 20 hivi kabla ya kupuliza. Kuitupa nje hewa iliyopashwa ni kutupa pesa. Kwa hivyo wahandisi hutumia kifaa cha kuokoa joto, chenye mabati membamba yaliyopangwa. Hewa chafu yenye joto hupita upande mmoja wa bati, na hewa safi ya baridi hupita upande wa pili. Ni kama unapopoza chai kwa kutia kikombe ndani ya bakuli la maji baridi. Joto huhama kutoka chai kwenda kwenye maji, lakini chai haichanganyiki na maji.

Hapa Mombasa hewa yetu tayari ina joto, kwa hivyo wakati wa kupuliza kifaa hicho hakina faida kubwa. Faida yake ni wakati wa kukausha, oveni inapopashwa kufikia nyuzi 60 hivi. Tatizo letu sisi ni unyevu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, vanishi na rangi nyingine hufanya weupe kama ukungu. Fundi anaona kazi yake inaharibika, anafunga mlango na dirisha, na huku anajifungia pamoja na sumu.

Kuna njia tatu za kubana matumizi ambazo ni hasara tupu. Ya kwanza ni kuzima feni mara tu bunduki ya rangi inaponyamaza. Ukungu bado uko, hata kama huuoni. Oveni nzuri huhitaji dakika 2 hadi 5 kusafika, na chumba cha kawaida chenye feni kinaweza kuchukua dakika 15 hadi 20. Fundi anayeinua barakoa ili atazame kazi yake kabla ya muda huo huvuta kile alichokuwa akijikinga nacho. Ya pili ni kuirudisha hewa ile ile ndani wakati wa kupuliza. Filta za kawaida hunasa matone ya rangi, lakini hazinasi mvuke. Ya tatu ni kuziacha filta mpaka zizibe. Feni huhangaika, na hewa inayovutwa huwa kidogo.

Njia za halali zipo. Badilisha filta kwa wakati. Ziba nyufa za milango ya oveni. Wakati wa kukausha, kukiwa hakuna mtu ndani, sehemu kubwa ya hewa ya moto inaweza kuzungushwa tena, mradi hewa safi iendelee kuingia kiasi ili mvuke usijikusanye na kushika moto. Vile vile, weka kifaa cha kupunguza mwendo wa feni kwa saa ambazo oveni ni tupu na imeshasafika. Feni ikienda nusu ya mwendo wake, hula takriban sehemu moja tu kati ya nane za stima. Lakini mtu akiwa ndani na bunduki mkononi, feni iende kwa nguvu zake zote.

Na asiye na oveni je? Kwanza, rangi yenye hadina asiipulize nyumbani wala kichochoroni. Aipeleke kazi hiyo kwenye gereji yenye oveni. Pili, kazi ndogo ya mbao aifanye kwa brashi. Tatu, akipuliza vanishi uani, autazame upepo, uwe wa kaskazi au wa kusi, na asimame upepo ukimpitia kwa ubavu, usiuelekeze ukungu kwenye dirisha la jirani wala chuoni kwa watoto. Nne, feni ya mezani si dawa, kwani cheche ya mota yake inaweza kuwasha mvuke wa thina. Tano, kitambaa usoni na barakoa ya vumbi havizuii mvuke. Kwa rangi yenye isosianeti, fundi anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Na kabla ya kutoboa ukuta wa Mji wa Kale ili kupitisha bomba, kumbuka kwamba eneo hilo linahifadhiwa kisheria. Uliza kwanza kwa Makavazi ya Taifa.

Fundi, ukipatwa na kikohozi, kifua kubana au kukoroma kifuani jioni na usiku, na ukapata nafuu siku za mapumziko, usingoje. Nenda hospitali, na umweleze daktari kazi unayofanya na rangi unayotumia. Pumu hii ikishaingia, hata kiasi kidogo sana cha kemikali hiyo huiamsha.

Nanyi waajiri, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawataka mzuie wafanyakazi wasivute mvuke wenye madhara. Na sheria ya fidia ya mwaka huo huo inayatambua pia magonjwa yanayotokana na kazi.

Msikilizaji, joto la oveni likipotea, linaweza kupashwa tena. Mapafu yaliyoharibika hayana filta ya kubadilisha. Okoa joto, lakini pumzi ya fundi usiifanyie uchumi. Kinga ni bora kuliko tiba.