Kabla ya Kununua Simu ya Usharika

Ndugu wajumbe, wengi mmetuuliza simu janja ipi iwafae watunza hazina. Tuanze na betri na mtandao unaoshika kijijini. Kamera nzuri bila mnara ni pambo tu. Dukani tubonyeze *#06#, kisha tulinganishe namba ya IMEI na ile ya kwenye boksi. Juni 2016 simu bandia zilizimwa Tanzania nzima, na hasara ikabaki kwa wanunuzi. Kifurushi tuchague cha mwezi.

Jambo zito ni laini. Ikisajiliwa kwa alama za vidole za mjumbe mmoja, akifariki, sadaka iliyomo yaweza kukwama hadi mirathi ifunguliwe. Tusajili laini ya taasisi. Nyaraka ni nyingi, tunajua. Nakala tutawapatia ofisini dayosisi.