AMANA YA MKUU WA SHULE

(Maneno aliyoyasema karani mmoja mbele ya mkutano wa wazee, walimu na wazazi, Ujiji)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya wakuu wa shule na vyuo. Mimi si mwalimu. Nilifunzwa kusoma na kuandika katika shule ya misioni, na tangu ujana wangu kazi yangu ni ukarani. Labda mtauliza, karani ana neno gani la kumwambia mwalimu? Nami nitajibu ya kuwa ashikaye daftari huona mambo ambayo apitaye njiani hayaoni.

Kwanza tujue vyeo vyenyewe. Shule ya msingi ina mwalimu mkuu. Sekondari ina mkuu wa shule. Na chuo, mathalan Chuo cha Ualimu cha Kasulu, kina mkuu wa chuo. Majina ni matatu, lakini kazi ni moja, nayo ni kutunza amana. Watoto si wake, ni wetu. Fedha si zake, ni za Serikali na za wananchi. Nyumba na madawati si yake. Amewekewa vitu hivi avihifadhi, kisha avirudishe vikiwa vizima. Mengine yote aitwayo mkubwa, kama kiti na ufunguo na kusimamiwa na watoto aingiapo darasani, ni mapambo tu.

Sasa nitataja mambo manne katika amana hiyo.

La kwanza ni daftari la mahudhurio. Ninyi watu wa ziwa mwajua ya kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapowaka mitumbwi hupumzika. Basi katika shule zilizo karibu na ufuko, giza la mwezi likiingia, madawati nayo huanza kuwa wazi. Mtoto mmoja amekesha ziwani, mwingine anaanika dagaa mchangani tangu alfajiri. Mkuu ajuaye kazi yake huutazama mwezi pamoja na daftari, akaenda kusema na wazazi kabla giza halijaingia.

Naungama mbele yenu kosa langu mwenyewe. Zamani nilikuwa karani katika shule moja ya ufukoni, jina lake sitalitaja. Daftari zililetwa kwangu zikiwa na alama za kuhudhuria kila siku, hali mimi kwa macho yangu niliona madawati matupu. Nilinakili hesabu ile nikaipeleka mbele, kwa kuwa niliogopa kuuliza. Siku moja akaja bibi kizee, akaniambia, “Mwanangu, natafuta habari za mjukuu wangu. Wiki ya tatu hii hajalala nyumbani.” Nikafungua daftari, nikamwambia kwa furaha, “Bibi, usiwe na shaka, mjukuu wako yupo, hakukosa hata siku moja.” Yule bibi akanitazama sana, kisha akasema, “Basi huyu uliyemwandika humu ni nani?”

Sikuwa na la kujibu. Kijana alikuwa dagoni pamoja na wavuvi, mbali kusini. Kama daftari lingalisema kweli siku ya kwanza, angalifuatwa siku ya tatu. Alirudi baada ya miezi miwili, lakini darasani hakurudi tena. Mpaka leo nikipita ufukoni humwona akivuta kamba, naye huniamkia kwa adabu, “Shikamoo karani,” nami huona haya kuitikia.

La pili ni fedha. Tangu Januari 2016 elimu katika shule za msingi na sekondari za Serikali mpaka kidato cha nne ikawa bila malipo, na Serikali ikapanga fedha za uendeshaji kwa hesabu ya vichwa: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi, na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Hapo ndipo mwonapo ya kuwa daftari la majina na daftari la fedha ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka ule ule wa 2016 daftari zilihakikiwa nchi nzima, wakaonekana wanafunzi hewa kwa maelfu, yaani majina yasiyo na watoto. Jina moja la uongo ni kitu kidogo kwa macho. Walakini kwa jina hilo hutoka fedha ya kweli, nayo humpita mtoto wa kweli aliyekaa chini. Kwa hiyo mkuu mwema hubandika mapato na matumizi ukutani, mahali pa watu wote kusoma, wala hangoji kuulizwa.

La tatu ni adhabu. Wengi hudhani fimbo ni mali ya kila mwalimu. Sivyo. Kanuni za mwaka 2002 zimempa fimbo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi; mapigo yasizidi manne; msichana achapwe na mwalimu wa kike, ila kama hayupo shuleni; na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Maana yake ni nini? Ni kwamba hasira ya mwalimu yeyote katika shule ile italetwa mezani kwa mkuu, na mtoto akiumizwa, yeye ndiye mwenye kuulizwa. Afadhali fimbo ikae kabatini na mkuu azunguke madarasani, kuliko mkuu akae ofisini na fimbo izunguke.

La nne ni mlango. Zamani msichana aliyepata mimba alifukuzwa, na habari yake ikaishia hapo. Novemba 2021 Serikali ilitoa ruhusa ya kuwarudisha shuleni baada ya kujifungua. Lakini waraka hauna miguu. Hauwezi kwenda nyumbani kwa binti aliyejificha kwa aibu. Mkuu wa shule ndiye miguu yake. Yeye ndiye atakayemtuma mwalimu wa kike aende, na kuwakanya wenziwe darasani wasimcheke.

Nanyi wazazi, msifurahi mkadhani namsema mkuu peke yake. Kamati ya shule ni yenu, na bodi ya sekondari ni yenu. Mkiitwa mkutano mkakaa barazani, mkuu atatenda peke yake, kisha mtamlaumu peke yake. Na yule ampelekaye mtoto ziwani siku ya masomo, halafu akamwomba mwalimu amfichie, amemfundisha mwalimu kusema uongo. Umaskini naujua, sikukulia katika raha. Lakini samaki wa leo huliwa leo.

Nitamaliza kwa habari ya meli yetu. Wote mwaijua Liemba. Wadachi waliiunda kwao mwaka 1913, wakaileta vipande vipande mpaka Kigoma, ikaingia ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916, walipoona hapana budi kuondoka, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo mafuta mazito ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri, ikawachukua watu na mizigo yao miaka mingi sana.

Fikirini habari ya mafundi wale. Walikuwa wameshindwa, wanaondoka, na chombo kinakwenda chini ya maji. Hata hivyo hawakuacha mtambo uoze. Mkuu wa shule naye siku moja atahamishwa, au atastaafu. Siku ile ya makabidhiano haitaulizwa alikuwa mkali kiasi gani, wala kiti chake kilikuwa kirefu namna gani. Mgeni atafungua kabati, atatazama daftari, atahesabu madawati, kisha atawaita watoto mmoja mmoja kwa majina yaliyoandikwa. Heri mkuu ambaye kila jina likiitwa, mtoto ataitika.