Kwanza Chakula, Kisha Vifaranga
(Mazungumzo na wanakisomo wafugaji wa samaki)



Leo hatukuja na a, e, i, o, u. Hizo mmekwisha kuzimaliza. Leo tuzungumze juu ya kambare wetu waliokufa.

Wote tunakumbuka. Kikundi kilichanga fedha, tukajenga tangi. Bwana samaki akaja, akatusaidia kukamua mayai ya kambare. Huku kwetu ziwani kuna joto, basi mayai yakaanguliwa baada ya siku moja na kitu. Tulifurahi! Tulijua wavuvi wa sangara hununua kambare wadogo wawe chambo cha ndoano. Tulikwisha anza kuhesabu fedha. Lakini kabla ya wiki mbili kwisha, tangi lilikuwa karibu tupu. Wengine wakasema ni maji mabaya. Wengine wakasema ni kijicho cha jirani.

Ndugu zetu, jirani hana kosa. Kosa ni letu sisi waalimu. Sisi ndio tuliosema, "Wapeni pumba laini." Ninyi mkatii.

Je, kosa hilo tumelijuaje? Tumelijua katika daftari. Mama mmoja wa kikundi alikuwa akiandika kila jioni. Aliandika hivi: siku ya 1, hakuna aliyekufa. Siku ya 2, hakuna. Siku ya 3, hakuna. Siku ya 4, wamekufa wachache. Siku ya 5, wengi. Siku ya 6, wengi sana, maji yananuka.

Tuyatazame maandishi hayo vizuri. Kambare anapotoka katika yai amebeba akiba yake. Ana kifuko cha kiini tumboni, nacho humtosha siku 3 hivi. Akiba ikiisha, ndipo anaanza kutafuta chakula. Na kambare mchanga hutafuta kitu kinachocheza, kitu chenye uhai. Tumbo lake bado halijakomaa, pumba haliwezi. Pumba zetu zilikwenda chini zikaoza, zikaharibu maji. Vifaranga vilikufa kwa njaa, na chakula kimejaa tangini.

Chakula chenye uhai kinapatikana wapi? Wenye matangi makubwa mjini, na watu wanaofuga samaki wa mapambo katika vioo, hununua mayai ya kamba wadogo sana waitwao atemia. Mengi hutoka katika ziwa la chumvi la Utah, huko Marekani. Mayai hayo hukaa makavu kwenye kopo hata miaka. Ukiyatia katika maji ya chumvi yenye joto, huku pampu ikipuliza hewa, yanaanguliwa kwa siku moja hivi. Hata pwani ya Kenya, katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, kamba hao walipandikizwa katika miaka ya 1980. Ni chakula kizuri. Lakini kopo lake ni ghali, na sisi hatuna pampu.

Basi tutazame karibu. Teka maji ya dimbwi la ng'ombe katika glasi, uyainue kwenye mwanga. Utaona vijidudu kama punje za vumbi, vinaruka-ruka. Wengine huviita viroboto vya maji. Haviumi mtu. Hicho ndicho chakula cha kambare wachanga, nacho tunaweza kukifuga wenyewe.

Tufanye hivi:

1. Tuchimbe shimo penye jua na udongo unaoshika maji. Urefu mita 3, upana mita 2, kina nusu mita. Haya, pigeni hesabu: ni lita ngapi? Naam, lita 3,000. Tulizungushie uzio, watoto wasitumbukie.

2. Tujaze maji ya kisima. Tutie kilo 1 ya samadi kavu ya ng'ombe ndani ya gunia, tulifunge, tulining'inize majini.

3. Baada ya siku chache maji huwa ya kijani. Tuyapime kwa mkono. Zamisha mkono, kiganja kikitazama juu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika karibu na kiwiko, maji ni mazuri. Kikipotea mapema sana, samadi imezidi, tulitoe gunia. Kikionekana hata kiwiko kikizama, tuongeze samadi kidogo.

4. Tuchote viroboto vya dimbwini kwa kitambaa chepesi, tuvitie shimoni viwe mbegu. Tuondoe kwanza vyura na watoto wa kereng'ende, maana hao huvila.

5. Tufunike shimo kwa wavu wenye matundu madogo, mbu na kereng'ende wasitage humo. Hapa tuwe waangalifu! Chandarua chenye dawa kisitumike kabisa, wala kufunikia wala kuchujia. Dawa ile huua viroboto, huua na samaki. Chandarua mahali pake ni kitandani. Na bomba la dawa ya pamba lisioshwe karibu na shimo.

6. Baada ya wiki moja hivi viroboto vitakuwa vingi. Tuvichuje kwa kichujio cha chai. Vikubwa vitabaki juu, tuvirudishe vikazae. Vidogo vitapita, hivyo ndivyo vya vifaranga. Tusivune zaidi ya robo kwa siku moja, ama sivyo tutamaliza mbegu.

Tuwape vifaranga kidogo kidogo, mara 4 au 5 kwa siku. Kiroboto asipoliwa sasa huendelea kuogelea mpaka aliwe, haozi upesi kama pumba. Baada ya wiki 2 hivi tuanze kuwazoesha dagaa waliosagwa laini pamoja na pumba. Wakati huo pumba zitawafaa.

Sasa tazameni kalenda. Shimo linahitaji siku 10 au zaidi. Akiba ya kifaranga ni siku 3. Tukingoja mayai yaanguliwe ndipo tuchimbe, tumechelewa. Tuchimbe kwanza, tuone viroboto kwa macho yetu, ndipo tumwite bwana samaki.

Na daftari liendelee. Tuandike siku ya samadi, rangi ya maji, na vifaranga vilivyokufa. Safari hii tukisema neno lisilo kweli, daftari litatusuta mapema.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
Kwa nini vifaranga havikufa siku 3 za kwanza?
Nani ana samadi kavu, na nani ataandika daftari zamu hii?
Shimo letu tulichimbe lini?